Nilisema "nenda tu", naye akaenda

Shangazi, shikamoo. Naishi Dodoma, nina miaka kumi ya ndoa. Mimi na mume wangu tulidunduliza miaka mitatu tukaenda Morisi, na siku moja tukapanda mlima wa Le Morne na mwongozaji. Njia ilipokuwa kali nikatazama chini, nikaona bahari huku na huku, miguu ikakataa. Nikamwambia, "Nenda tu, nitakusubiri." Wakaenda wote wawili mpaka kwenye msalaba, nikabaki peke yangu juu ya jiwe karibu saa nzima, nalia. Usiku akaweka picha yake kwenye status: "Mimi na mama watoto tumefika." Mawifi wakanipongeza! Hii ni wiki ya tatu tangu turudi na simsemeshi. Ananiambia nanuna bure, ruhusa nilitoa mwenyewe. Naona aibu pia kwamba sina pumzi kama wenzangu. Nimekosea wapi? Niliyebaki Njiani.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Aibu hiyo tuiondoe kwanza. Le Morne ina mita 556 kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa Dodoma tunalala kwenye zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo pumzi yako haina kasoro. Kilichokushika ni lile bonde la pembeni. Mtu husimama wima kwa kusaidiwa na macho, sikio la ndani na nyayo zake, na macho hutaka kitu cha karibu cha kujishikiza. Juu ya mgongo wa mlima, vitu vya karibu huisha, inabaki bahari ya mbali, mwili unaanza kuyumba, na woga unaingia hapo hapo. Huwapata hata wanaume wenye nguvu zao. Tena mlikuwa kwenye mlima wenye majonzi yake: huko ndiko walikokimbilia watumwa waliotoroka, wengine wakiwa wametekwa bara hili letu, na simulizi za wenyeji zinasema wapo waliojirusha kutoka juu. Kukaa peke yako mahali kama hapo, kisha ulie? Ningelia na mimi.

Sasa hilo "nenda tu".

Mwanangu, "nenda" na "nenda tu" ni maneno mawili. Wanawake tunalijua hilo "tu". Ndani yake mna: nimeogopa, sitaki kukuharibia siku, natamani ukatae mwenyewe. Ulilitia yote hayo ukategemea ayasikie. Na mwenzio, ambaye ameweka akiba miaka mitatu na msalaba anauona pale juu, alisikia "nenda", hilo "tu" likapeperushwa na upepo. Simwoni kuwa mtu mbaya.

Lakini alikosea, na nalisema hili bila kumung'unya, hata kama ungempa ruhusa ya maandishi yenye muhuri. Mlimani mwenye hatua fupi ndiye mwenye kuamua mwendo. Mtu aliyeganda kwa woga haachwi, kwa sababu akitaka kusogea hana wa kumwonyesha pa kuweka mguu, na kwenye mawe makali kushuka kunatisha kuliko kupanda. Mwongozaji alikuwa mmoja, basi kazi yake ilikuwa kukaa na wewe. Mumeo alikuwa na hiari ya kukaa pia au kugeuka nanyi. Mwambie hivyo.

Picha nayo iliniuma. "Tumefika" ilikufuta pale ulipokuwa kweli, ukalazimika kupokea hongera za mawifi kwa safari usiyoimaliza. Huko si kununa bure.

Kosa lako wewe ni hizi wiki tatu. Unamwadhibu mtu kwa shitaka ambalo hajasomewa. Usiku huu, watoto wakilala, kaa naye umwambie: "Nilipokwambia nenda tu, nilikuwa natetemeka. Nilitaka ukae. Sikusema, na hilo ni langu. Ila kuniacha peke yangu ni lako." Kisha nyamaza umsikilize. Akisema hakujua, mwamini. Na mawifi waambieni ukweli, aanze yeye.

Halafu nataka mpande tena, hapa kwetu. Nendeni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njia ya kupanda kule ni kali kiasi, mtaulizwa maswali yale yale miguuni. Mimi nilishuka pale nimekaa chini, jiwe kwa jiwe, na marehemu mume wangu alikuwa hatua mbili chini yangu, uso ameuelekeza kwangu, bonde amelipa mgongo. Hakusema neno. Ni miaka mingi, bado naiona ile sura.

Kabla hamjaondoka nyumbani mkubaliane kwamba mmoja akisema "nimeogopa", mnasimama wote, na mmoja akisema "turudi", mnarudi wote. "Nenda tu" liacheni Dodoma. Macho yako yaweke kwenye jiwe lililo mbele yako, mkono mmoja au miwili iwe imeshika kitu kabla mguu haujainuka. Kupanda, tangulia wewe, yeye afuate mwendo wako. Kushuka, atangulie yeye.