Watu wakiongezeka, tutakula nini?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, sisi ni wazima. Umeniuliza kama nchi inaweza kulisha watu wake kwa kilimo chake yenyewe, ilhali idadi inapanda, au ni afadhali inunue chakula nje.

Kununua nje si aibu. Tatizo ni kwamba mlango huweza kufungwa wakati wenye shida wamepanga foleni. Mwaka 2008, bei zilipopaa duniani, India na Vietnam zilizuia mchele wao kutoka. Julai 2023 India ikazuia tena mchele mweupe usio basmati. Nani atamlaumu anayelisha wanawe kwanza? Na Umoja wa Mataifa unakadiria watu bilioni 9.7 duniani ifikapo 2050.

Wanasiasa hupenda kusema tufungue mashamba mapya. Kwangu hiyo ni njia ya mwisho, maana shamba lililopo bado halijatoa uwezo wake. Chukua maji: ardhi inayomwagiliwa ni kama asilimia 20 tu ya ardhi inayolimwa duniani, lakini hutoa karibu asilimia 40 ya chakula. Mbegu nazo zataka subira. Aina mpya huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kutoka kwa mtafiti hadi kwa mkulima, kwa hiyo pengo la bajeti iliyokatwa leo litaonekana wakati waziri aliyeikata keshastaafu.

Linaloniudhi hasa ni chakula kinachopotea baada ya kuvunwa. Mwaka 2019 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba asilimia 14 hivi hupotea kabla ya kufika dukani. Nafaka ikihifadhiwa haijakauka huota ukungu, na humo hutoka sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Kuipima nafaka hakuhitaji mashine: tia kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, anika tena. Ikishakauka, ifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi watakosa pumzi na kufa bila dawa yoyote.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inaweza. Hayo yote yanajulikana zamani. Anayekosekana mara nyingi ni bwana shamba wa kuyafikisha kwa mkulima. Siku ukiisoma bajeti ya kilimo, usihangaike na jumla yake. Tafuta kwanza fungu la ugani, yaani la hao mabwana shamba, la utafiti na la maghala, kisha uniandikie umekuta nini.

Mimi mama yako.