Warudisheni kina mama ukumbini

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmesema kikundi kimoja cha maigizo cha mtaani hapa Kisumu kimetangaza msimu mzima wa tamthilia kongwe, nne kwa jumla: Mfalme Edipode, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Kinjeketile na Usaliti Mjini. Kisha mkauliza: je, watu wa siku hizi, wenye vichekesho vya bure kwenye simu, watalipa kuzitazama?

Kulipa si tatizo. Watu wetu hutoa pesa wanapoona kitu kinawahusu. Mimi nauliza wataalikwa akina nani, kwa sababu huku magharibi mwa Kenya tamthilia kongwe imegeuzwa mali ya mtahiniwa. Mabasi ya shule yanafika, wanafunzi wanashuka na kitabu na kalamu, wanafuatisha kila mstari, wanarudi bwenini. Siku kitabu kikiondolewa kwenye mtihani, tamthilia nayo inazikwa. Ile ya Mnorwe Ibsen ya mwaka 1879, A Doll's House, ilipokuwa kitabu teule cha Kiingereza, Nora, yule mke anayeiacha nyumba ya mumewe, alizungushwa shule baada ya shule. Kitabu kikabadilishwa, Nora akatoweka. Mtaani kwetu simjui mtu mzima aliyepata kumwona akitoka na kuufunga ule mlango. Kama msimu huu ni biashara ileile iliyovishwa jina jipya, heri usiwepo.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona Mbale, Vihiga, Jumamosi moja ya mvua. Kikundi, si hiki chenu, kilikuwa kinaigiza Betrayal in the City, yaani Usaliti Mjini kwa Kiingereza chake cha asili, kwa ajili ya shule. Fikirieni: ni Mbale, Maragoli, nyumbani kwa Francis Imbuga aliyeiandika. Amezaliwa Wenyange mwaka 1947, kazi yake hii ikachapishwa 1976, na mwaka uliofuata ikaiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kule Lagos. Na bado, katika ukumbi ule, watu wa kwao walikuwa wachache kuliko walimu.

Lakini kina mama wa chama cha kuwekeana akiba walikuwa wakikutania chumba cha pili. Bati lilipoanza kuvuja huko, wakaingia ukumbini na viti vyao vya plastiki, wakakaa kando ya jukwaa, leso mabegani, wengine wamewabeba watoto. Hakuna aliyewakataza.

Mnalijua onyesho la kwanza. Doga na Nina wako kwenye kaburi la mwana wao Adika, aliyepigwa risasi katika maandamano ya wanafunzi. Wamekuja kufanya sherehe ya kunyoa, ile mila ya kunyoa nywele kwa ajili ya marehemu, nao askari wawili, Jere na Mulili, wametumwa kuizuia. Kaburi lenyewe lilikuwa magunia mawili ya mchanga yaliyofunikwa shuka la kahawia, na msalaba wa mbao za kreti. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona maandishi ya kiwanda kwenye mbao. Nina alipopiga magoti, mama mmoja akaanza wimbo wa kilio wa Kimaragoli, chini chini. Wa pili akaupokea. Kufikia ubeti wa pili walikuwa wanaimba wote, na yule msichana aliyemwigiza Nina akaacha maneno ya kitabu akalia machozi ya kweli.

Mulili akaingia. Kwenye kitabu Mulili anazungumza Kiingereza kilichovunjika, na kwa kawaida wanafunzi huangua kicheko kila akifungua mdomo. Siku hiyo hakupata nafasi. Mama mmoja mzee, mfupi, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, aliinuka akaenda akasimama kati yake na kaburi.

"Wewe kijana, hukuzaliwa na mtu?"

Mwigizaji akatazama pembeni, akitafuta msaada. Hakuupata. Akaamua, na namsifu mpaka leo, kubaki Mulili. Akamjibu kwa Kiswahili safi cha askari wa kituo chochote cha kwetu: "Mama, hii ni amri kutoka juu. Rudi ukae."

"Nikae, na mwenzangu anazuiwa kumnyoa mfu wake?"

Ukumbi ukaguna. Hakuna aliyecheka. Mulili hakuwa tena mtu wa kuchekesha. Alikuwa kijana tunayemjua, aliyepewa bunduki na sare, akaambiwa asisikilize. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile nikiwa Kidato cha Nne na nikajibu maswali yake, lakini woga wa Mulili kwa mkubwa wake niliuona siku ile, usoni mwa kijana aliyeshindwa kumtazama mama mzee machoni. Yule wa Jere, maskini, hata hakuigiza kulegea kwake. Alishusha bunduki yake ya mbao akavua kofia.

Wanafunzi wakaanza kupekua kurasa. Maneno yale hayakuwamo. Mwalimu mmoja akasimama akaonyesha saa yake, akasema watoto wana mtihani na hawakulipia mambo ya nje ya kitabu. Mwelekezi akapanda jukwaani, akamwomba mwalimu msamaha, kisha akawaomba kina mama watoke. Walitoka. Waliinua viti vyao wakaenda kusimama barazani, mvua ikiwarushia maji miguuni. Onyesho likaanza upya, kwa maneno ya kitabu, na Mulili alipofungua mdomo wanafunzi wakacheka.

Hilo sijalisamehe. Walioielewa tamthilia ndio waliotolewa nje.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia waachane na kongwe, waandike mpya za fidia ya ardhi, za karo, za vijana wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu. Kadiri ninavyomkumbuka yule mama ndivyo ninavyoona kwamba lawama niliitupa kwingine. Imbuga alikuwa amemwandikia yeye, naye aliitikia mara tu alipopata pa kukaa. Na nikiitazama orodha yenu kwa jicho lake, nne zote zina mlango wa kuingilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ni habari ya maji yaliyoahidiwa kuzuia risasi za Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Watu wanaofuata sauti ya nabii si wageni kwetu. Mkaguzi wa Mrusi Gogol, wa mwaka 1836, hauhitaji mhadhara: wakubwa wa mji mdogo wanamdhania kijana asiyeweza kulipa hata bili ya hoteli kuwa ndiye mkaguzi kutoka juu, na kila mmoja anamletea bahasha. Mfanyakazi yeyote wa ofisi za kaunti atawataja kwa majina. Edipode, ya Mgiriki wa kale Sofokle, ndiyo inayonitia shaka. Tauni, mfalme anayemsaka muuaji naye ndiye muuaji, hayo watu watayashika. Ila zile nyimbo ndefu za wazee wa mji, kwa Kiswahili cha mfasiri wake Samuel Mushi, zinataka waimbaji hasa. Kama hawapo, waiweke mwisho, au waiache hadi mwakani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, fanyeni, nami nitakata tiketi za zote nne, kwa masharti. Usaliti iwe ya Kiswahili kama mlivyotangaza, na msirudi kwenye Kiingereza shule zikiomba. Onyesho liwe Jumamosi alasiri, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye na wafanyabiashara hawawezi kuacha meza zao. Limalizike kabla ya giza, ili sisi wa Luanda na Majengo, huko Vihiga, tupate matatu. Tiketi isizidi bei ya sahani ya ugali na omena. Mtu wa benchi la mbele akimjibu mwigizaji, mwigizaji amjibu, na mwelekezi akae kimya.

Wanafunzi waje pia, siwafukuzi. Wakae nyuma, vitabu vikiwa kwenye mikoba.