Vyakula Vikipanda Bei, Weka Daftari Jikoni

Bei za vyakula zilipoanza kutupeleka mbio, nilianza kuandika. Sikuandika matumizi ya mwezi, maana hayo hunieleza tu kwamba fedha zimekwisha, jambo ambalo ninalijua tayari. Niliandika bei. Daftari la kawaida la shule, kila chakula tunachonunua mara kwa mara kina ukurasa wake: tarehe, mahali niliponunua, nilicholipa, na uzito. Safu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi yote, nayo ni bei kwa kilo moja au kwa lita moja.

Safu hiyo ndiyo iliyonionyesha pakiti zinazokonda. Wenye viwanda wanajua kwamba mnunuzi hukumbuka bei lakini hakumbuki gramu, kwa hiyo bei huachwa palepale na kinachopunguzwa ni kilichomo ndani. Pakiti ya gramu 500 ikiwa gramu 450 kwa bei ileile, umepandishiwa asilimia 11 bila mtu kukuambia. Ufaransa, tangu Julai 2024, maduka makubwa yanalazimika kubandika tangazo la miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa kwa namna hiyo. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, kazi ya kulinganisha inabaki kwako. Na usiamini tu kwamba pakiti kubwa ndiyo nafuu. Mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote, na maneno "ya familia" yaliyochapwa kwenye boksi hayathibitishi chochote.

Daftari pia limenituliza kuhusu taarifa za habari. Tukisikia mfumuko wa bei umeshuka, wengi wetu hutarajia kulipa kidogo, halafu tukifika dukani tunajiona tumedanganywa. Kumbe kilichoshuka ni kasi. Mfumuko ukitoka asilimia 10 ukafika 4, bei bado zinapanda, tena juu ya zile zilizokwisha kupanda. Machi 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianzishwe mwaka 1990. Baadaye kilishuka, lakini kipimo hicho hufuata bei za jumla za nafaka, mafuta, nyama, maziwa na sukari katika soko la dunia. Kabla bidhaa haijafika mkononi mwako inabeba pia gharama za usafiri, umeme, vifungashio, mishahara na thamani ya sarafu. Hizo si lazima zirudi chini pamoja na ngano.

Sasa niseme kuhusu sahani, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi huumia kimyakimya. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo na kipato kidogo, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho. Jambo ambalo hesabu hiyo haisemi ni kinachotangulia kuondolewa mezani. Mara nyingi wanga hubaki, sukari hubaki, mafuta hubaki, kwa sababu vinashibisha kwa bei ndogo. Yanayoondoka ni mayai, samaki, maziwa, mboga na matunda. Watoto wanalala wameshiba na hakuna anayeona tatizo, ilhali madini ya chuma na protini vinapungua mwilini.

Ndiyo maana niliongeza safu nyingine: bei ya protini. Gramu 100 za maharage makavu zina takribani gramu 21 za protini. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo maharage hayo yanalingana, kwa protini, na mayai matatu na nusu hivi. Weka bei za kwenu hapo uone. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa huaibika sana kwenye safu hii, maana unalipia maji, mafuta na unga pamoja na nyama. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao hupata heshima wasiyopewa kwa kawaida, kwani wanaleta protini na kalsiamu kwa pamoja.

Protini ya maharage na dengu inakamilishana na ya nafaka, na wala si lazima vikutane kwenye sahani moja; ndani ya siku hiyohiyo inatosha. Madini yake ya chuma ndiyo yanayohitaji msaada, kwa sababu mwili huyafyonza kwa shida kuliko ya nyama. Kitu chenye vitamini C katika mlo huohuo, iwe chungwa, nyanya au pilipili hoho, husaidia sana. Chai huzuia. Kwetu chai tumeihamisha mbali na mlo, uamuzi uliozua manung'uniko kuliko mabadiliko mengine yote, na sijui kama nimesamehewa.

Kwa mboga na matunda, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu. Kwa familia kubwa ni mzigo, siwezi kusema vinginevyo. Kinachosaidia ni kununua kilicho katika msimu wake na kutodharau mboga zilizogandishwa, ambazo lishe yake haipishani sana na ya mboga mbichi, wakati mwingine hata huzidi zile zilizokaa rafuni siku nyingi.

Mahali ambapo sibani hata kidogo ni kwa mtoto mdogo na mama anayenyonyesha. Kama kuna yai moja tu ndani ya nyumba, mwenyewe anajulikana. Na maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yasiongezwe maji kupita kipimo kilichoandikwa ili yafike mwisho wa mwezi; ni hatari kwake. Ikifikia hapo, nenda kliniki ukaseme wazi.

Kuhusu chakula kinachotupwa nitakuwa mfupi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani, hotelini na madukani kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Angalia friji kabla ya kwenda kununua. Jifunze pia kutofautisha tarehe: "tumia kabla ya" inahusu usalama, lakini "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora tu.

Watu huniuliza kama daftari lina maana tena, na sasa kila kitu kinahamia kwenye simu. Naona litahitajika zaidi. Duka la mtu kujichukulia bidhaa mwenyewe lilianza Memphis, Marekani, mwaka 1916, Clarence Saunders alipofungua Piggly Wiggly. Kabla ya hapo karani ndiye aliyekuletea. Mwaka 1974 msimbo pau, ile mistari ya pakiti inayosomwa na mashine, ulisomwa kaunta kwa mara ya kwanza, na taratibu bei ikatoka kwenye bidhaa yenyewe ikahamia kwenye kompyuta. Leo kuna maduka yenye vibao vya kielektroniki ambavyo bei yake hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe, na programu zinazompa kila mteja punguzo lake. Ukiambiwa "punguzo la leo", utajuaje ni punguzo kama hukumbuki bei ya mwezi jana?

Siupingi ununuzi wa simu. Unaona jumla kabla ya kulipa, na watoto hawavuti chochote rafuni. Lakini bidhaa zinazotangulia kwenye skrini mara nyingi zimelipiwa zikae pale, kwa hiyo panga orodha kwa bei ya kilo ikiwa programu inaruhusu. Kikapu kilichojaa kiache kilale hadi asubuhi. Kuna vitu utavitoa mwenyewe. Gharama ya kuletewa iandike daftarini pamoja na bidhaa, isisimame peke yake kama vile si chakula. Kama majirani wawili watatu mnaelewana, agizeni nafaka na kunde kwa pamoja mkagawane. Na uzime ile ruhusa ya kubadilishiwa bidhaa iliyoisha, la sivyo utaletewa ya bei kubwa zaidi na ujumbe wa kukushukuru.