Kabla hujagusa vitufe, tia mkono kwenye gunia

Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi, yaani kalibu inayoipa umbo. Usiku mmoja wa mvua za Aprili, nje kidogo ya Kampala, mabeseni yakaanza kutoka na michirizi ya fedha, utadhani konokono kapita juu yake. Nikapandisha joto, ikazidi. Nikapunguza kasi, nikaongeza presha, nikabonyeza kila kitufe nilichokijua. Alfajiri fundi mkuu alipoingia, mashine hata hakuitazama. Alitia mkono kwenye gunia la mabaki yaliyosagwa, akanionyesha kiganja. Kimelowa.

Polipropilini, plastiki ya mabeseni yetu, hainywi maji, ndiyo maana wengi hatuihofii. Lakini mabaki yaliyooshwa hubaki na maji juu juu, na yakiingia kwenye silinda yenye nyuzi 220 hugeuka mvuke, ambao plastiki huuburuza hadi kwenye uso wa beseni. Nailoni na ABS, plastiki nyingine, ni walevi hasa: hunywa unyevu wa hewani hata gunia likiwa kavu. ABS ipe saa 2 hadi 4 kwenye kikaushio, nyuzi 80 hivi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kwanza angalia doa limekaa wapi. Linalohamahama, mara huku mara kule, mimi hushuku malighafi. Linalorudi palepale kila mara, shuku moldi. Weusi wa kuungua kwenye kona inayojaa mwisho ni hewa iliyokosa pa kutokea, ikabanwa hadi ikawaka moto. Safisha matundu ya hewa na upunguze kasi. Ukiongeza presha hapo unachochea jiko.

Mabonde yanayotokea nyuma ya mbavu nene hutaka muda wa kushikilia presha, yaani mashine iendelee kusukuma moldi ikishajaa. Usikisie: ongeza nusu sekunde, pima bidhaa kwenye mizani, ongeza tena. Uzito ukigoma kupanda, mlango wa moldi, kitundu plastiki inapoingilia, umeshaganda. Muda zaidi ya hapo ni umeme wa bure, na bili ya umeme bosi anaisoma kuliko unavyodhani.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike. Daftari langu la kwanza lina mafuta kila ukurasa.

Na umeme ukikatika, ukirudi usikimbilie kufunga moldi. Plastiki iliyolala ndani ya silinda ya moto imeshaungua. Itoe hewani, madonge mawili matatu, mpaka rangi itulie.