Muulize Fundi: Kisakinishi gani cha kufundishia?

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha kibinafsi huku Kayole. Muhula huu nimekabidhiwa somo la kutengeneza visakinishi vya Windows, yaani faili za kuwekea programu kwenye kompyuta: wiki nane, wanafunzi 18. Mwenzangu ananishauri nitumie zile programu kubwa za kulipia kwa kuwa waajiri huziulizia kwenye mahojiano. Mwingine anasema Inno Setup, programu nyingine ya kutengeneza visakinishi, inatosha, nisijichoshe. Nimesikia pia habari za WiX, zana ya kuandika visakinishi kwa maandishi, ila naogopa itawatorosha watoto. Nianze na ipi?
Mwalimu wa Kayole

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kabla ya jina la programu yoyote nikuulize: je, wanafunzi wako wana nywila ya msimamizi kwenye mashine za maabara? Kama hawana, kila kipindi kitaishia kwenye kale kadirisha ka kuomba ruhusa. Mtafute anayezifunga mashine hizo, umnunulie chai na mandazi, mwelewane. Halafu turudi kwa swali lako.

Somo hili nimelifundisha mwenyewe, ghorofa ya tatu pale Luthuli Avenue, spika za duka la chini zikitikisa vioo. Mwaka wa kwanza nilifuata ushauri kama wa mwenzako: programu ya kulipia, toleo la majaribio. Ilipendeza kweli. Unabofya mara tatu nne, kisakinishi hicho kimetoka, kina nembo na kila kitu. Jumatatu ya wiki ya tatu mashine zote 22 zikatuambia muda wa majaribio umekwisha. Hilo ni kosa langu, tarehe niliijua. Kilichoniuma hasa ni jaribio la karatasi nililolitunga haraka haraka kujaza kipindi: walijua pa kubofya, basi. Mmoja aliandika kwamba MSI, faili la kusakinishia la Windows, ni aina ya zip.

MSI ni hifadhidata. Imekuwa hivyo tangu teknolojia hiyo ilipokuja na Office 2000. Ndani yake mna majedwali: File, Component, Directory, Registry, na lile la InstallExecuteSequence linalopanga hatua zifuatane vipi. Anayeyasoma majedwali hayo na kufanya kazi ni Windows yenyewe. Kwa hiyo mimi huanza na Orca, kaprogramu kadogo ka kufungulia MSI kanakopatikana ndani ya Windows SDK, kifurushi cha Microsoft cha zana za watengeneza programu. Orca haipambi chochote: unafungua faili, majina ya majedwali yako kushoto, safu zake kulia. Ndicho unachotaka wakione.

Kitu cha kusakinisha nacho kiwe kidogo mno. Mimi hutumia bei.txt, orodha ya bei za sukuma wiki, nyanya na dania za Marikiti. Ninaitengeneza bei.msi nyumbani, nawapa kwenye fleshi ili nisiwamalizie bando. Wanaisakinisha, wanaifuta bei.txt kwa mkono, kisha wanaandika msiexec /f bei.msi, amri ya Windows ya kukarabati kilichosakinishwa. Faili linarudi. Hapo hapo utasikia mtu akiuliza, "Imejuaje?" Usimjibu. Mfungulie jedwali la Component, umwonyeshe safu ya KeyPath, inayotaja faili ambalo Windows hulikagua, umwache ahangaike nayo.

Kipindi kinachofuata ni cha kuharibu. Katika bei.msi uwe umeweka sharti moja kwenye jedwali la LaunchCondition, la masharti ya kutimizwa kabla ya kusakinisha. Waambie waligeuze kwa Orca liwe sharti lisilowezekana, na pale kwenye Description waandike ujumbe wao wenyewe. Kuna kijana aliandika, "Mashine hii izee imekataa, enda ukakope nyingine." Kisha waiondoe ile waliyosakinisha awali, waendeshe msiexec /i bei.msi /l*v shajara.txt, yaani wasakinishe huku kila hatua ikiandikwa kwenye shajara.txt, waifungue hiyo shajara na kutafuta maneno "Return value 3". Watayakuta yameandikwa pembeni ya LaunchConditions, na mwisho kabisa kuna 1603. Nambari hiyo haisemi chanzo cha kosa, inasema tu kwamba kazi imeshindikana, na mafundi wengi mtaani hapa wakiiona wanakimbilia kuweka Windows upya.

Na stima ikipotea katikati ya kusakinisha, usikasirike, hilo ni somo la bure. Ikirudi, mkijaribu kusakinisha kitu, Windows inaweza kuwaambia kuna kazi iliyokatizwa na inabidi kwanza itenguliwe. Hapo zungumza juu ya kurudisha nyuma. Hutapata mfano bora.

WiX ilete wiki ya nne, wakishayajua majedwali. Ni maandishi ya XML tu, yaani yaliyopangwa kwa vitambulisho viitwavyo elementi, na kila elementi inaangukia kwenye safu wanayoitambua, kwa hiyo haiwatishi tena. Microsoft waliitoa kwa leseni huria mwaka 2004, lakini soma masharti ya toleo unalochukua: ya karibuni yanawataka wanaoingizia pesa walipe ada ya matunzo. Inno Setup naipenda, na fundi wa kujitegemea atakula mkate nayo, ila haitoi MSI. Ina injini yake, na ndiyo maana folda ya programu hubaki na unins000.exe na unins000.dat. Ipe wiki moja, ya kulinganisha. Zile za kulipia? Siku ya mwisho, projekta moja, saa moja. Mtu aliyeisoma shajara ya msiexec hatababaishwa na vitufe kwenye mahojiano.

SWALI: Fundi, darasa letu lina Linux tupu. Tufanyeje?
Mwanafunzi, South B

JIBU: Una bahati kuliko Mwalimu wa Kayole. Chukua faili lolote dogo la .deb, kifurushi cha kusakinishia programu kwenye Linux kama Debian na Ubuntu, liweke kwenye folda tupu, uandike ar x, amri ya kulifungua, na jina lake. Zitatoka sehemu tatu: debian-binary, ambayo ndani yake mna nambari 2.0 tu, control.tar na data.tar, hizi mbili za mwisho kwa kawaida zikiwa na mkia kama .xz. Fungua ya control kwanza. Ukikuta postinst, orodha ya amri za baada ya kusakinisha, isome mstari kwa mstari, kwa sababu hiyo ndiyo huendeshwa kwenye mashine yako kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu.