Gari linalogoma kuwaka kila ukitoka kujaza petroli

Kwa miezi mitatu gari langu lilikuwa na tabia moja mbaya. Asubuhi linawaka mara moja. Nikilizima mahali nikarudi baada ya saa nzima, linawaka. Lakini nikijaza petroli, nikalipa, nikageuza ufunguo, injini inazunguka weee bila kushika. Ikishika inatetemeka na kunuka mafuta kwa kama nusu dakika, halafu inatulia. Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ilikuwa inawaka, na msimbo uliosomwa ni P0455.

Msimbo huo unahusu uvujaji mkubwa kwenye mfumo unaozuia mvuke wa petroli usitoroke hewani. Nilipoelezwa hivyo nikanunua mfuniko mpya wa tangi. Taa ikarudi. Nikanunua mwingine. Fundi mmoja akasema pampu ya mafuta imechoka, tukaibadilisha, gari likabaki vilevile. Pampu ile bado inaniuma, kwa sababu dalili niliyoihitaji nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza: shida inakuja baada ya kujaza mafuta tu. Pampu iliyochoka ingenisumbua hata asubuhi.

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limezimwa. Mvuke huo una benzini, kemikali inayosababisha saratani, na ukikutana angani na oksidi za naitrojeni na mwanga wa jua huzaa ozoni inayoumiza mapafu. Ndiyo maana hufungiwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu, na mkaa ule huushika. Injini ikipata joto, kompyuta ya gari inafungua vali ndogo ya umeme iliyo kati ya kopo na njia ya hewa ya injini. Mvuke unanyonywa na kuchomwa ndani ya injini. Katika magari mengi, vali hiyo isipopewa umeme inatakiwa iwe imefunga kabisa. Yangu ilikuwa imekwama wazi.

Ukilijua hilo, kila kitu kinaeleweka. Mafuta yanapoingia tangini yanausukuma mvuke uliokuwamo, nao unakimbilia kwenye kopo. Ukipiga stata vali ikiwa wazi, injini inavuta mvuke mzito juu ya mafuta inayopewa kawaida. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi mno, cheche inashindwa kuuwasha. Nilikuwa nimegundua kwamba nikikanyaga kidogo pedeli ya mafuta wakati wa kuwasha gari linashika upesi, na sababu ni hiyohiyo: pedeli ile huongeza hewa. Na kuhusu uvujaji, kompyuta huupima mfumo kwa kuufunga kotekote na kuangalia kama shinikizo linakaa. Mlango mmoja usipofunga, inaandika kwamba kuna uvujaji. Haiwezi kujua kama ni mfuniko, mpira uliopasuka au vali. Nilikuwa nausoma msimbo kama jina la spea, kumbe ni jina la jaribio lililofeli.

Kipimo chenyewe hakikumaliza dakika kumi. Nililiweka gari mahali pa wazi, mbali na moto na sigara (huu ni mvuke wa petroli, hapo hapana mjadala), injini ikiwa baridi. Nikaitafuta vali: kwenye gari langu iko juu ya injini, ina mipira miwili na plagi ya umeme. Nikachomoa mpira unaotoka upande wa kopo, nikawasha gari, nikaziba mdomo wa vali kwa kidole. Injini baridi ikiunguruma taratibu haitakiwi kuvuta chochote hapo. Kidole kikanyonywa. Nikachomoa na plagi ya umeme, nihakikishe si kompyuta inayoifungua. Kikanyonywa vilevile. Hapo ndipo nilipokwenda kununua vali.

Ukiwa na mashine ya kusomea misimbo ya gari, angalia pia jinsi kompyuta inavyorekebisha mafuta. Kwa kawaida marekebisho hayapiti asilimia 10 juu au chini. Langu, nikitoka kujaza, lilikuwa linapunguza mafuta kwa asilimia 18, na nilipochomoa mpira ule na kuziba vali likarudi karibu na sifuri. Kama kwako kidole hakinyonywi, vali haijakwama wazi; kagua mpira wa mfuniko na mabomba ya kuzunguka tangi, na ukikwama tafuta fundi mwenye mashine ya moshi. Moshi unajazwa kwenye mfumo, nanyi mnatazama unapotokea.

Nilipoitikisa vali ya zamani zilitoka chembe nyeusi. Ni mkaa wa kopo. Kwa miaka nilikuwa naendelea kuongeza mafuta baada ya pampu ya kituo kujikata, ili tangi lijae hadi juu. Ukifanya hivyo petroli yenyewe inaweza kuingia kwenye kopo, mkaa unalowa, unamomonyoka, na chembe zinasafiri hadi kwenye vali. Siku hizi ikijikata mara ya kwanza naondoka. Nawe fanya hivyo, hata anayekujazia akikwambia bado panaingia kidogo.

Baada ya kufunga vali mpya nilifuta msimbo, na hapo nusura nikosee tena kwa kuamini taa iliyozimika. Ukifuta msimbo unafuta na matokeo ya majaribio yote. Jaribio la mvuke halianzi hovyo: magari mengi husubiri yawe yamepumzika kwa saa kadhaa, na tangi lisiwe limejaa sana wala kukaribia kuisha. Kwa hiyo niliacha tangi likae kwenye nusu, nikaendesha kama kawaida, na kila jioni nikasoma kwenye mashine kama jaribio limekamilika. Lilikamilika siku ya tisa, bila msimbo wowote.