Kutoa nyuki kwenye pango la mti: shughulika na majana, asali itajijua

Wewe uliyejiunga na kikundi cha nyuki mwaka huu, jiandae. Watu wakishakuona na kofia ya wavu watakuita tu: kuna nyuki kwenye mwembe wa shule, kuna nyuki kwenye gogo shambani, njoo utoe. Kabla hujabeba chochote, uliza kama mti huo unabaki au unaondoka. Kazi yote inategemea jibu hilo.

Miembe mikongwe ya Tabora mjini mingi imeoza moyo, lakini inatoa kivuli na matunda, na hakuna mwenyewe atakayekubali uipasue kwa sababu ya nyuki. Hapo unatumia koni ya wavu. Ziba matundu yote kwa udongo wa mfinyanzi, acha mlango mmoja, kisha funga juu yake koni ya waya yenye ncha wazi inayopitisha nyuki mmoja au wawili. Wanatoka, wakirudi hawaioni njia. Kando ya mlango huo weka mzinga wenye sega la majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, kutoka kundi lako jingine, lenye mayai mabichi ndani yake, nao wataingia humo.

Tatizo la koni ni muda, na vijana wengi wanakosa subira. Yai la nyuki kibarua, yaani mfanyakazi, huchukua takriban siku 20 kuwa nyuki kamili, na nyuki mchanga hukaa ndani wiki mbili hadi tatu akifanya kazi za nyumbani ndipo atoke kutafuta chakula. Kwa hiyo hesabu wiki sita, pengine zaidi, na katika muda huo uwe unapita kukagua, maana wakipata ufa mwingine kazi imerudi mwanzo. Malkia wa zamani kwa kawaida hatoki. Kundi lako litajilelea malkia mpya kutokana na yale mayai.

Mti unaoondoka ni habari nyingine: umeangushwa na upepo, au mtu wa wilayani Urambo au Sikonge, hapa mkoani Tabora, anafungua shamba la tumbaku kwa kibali. Nasema kwa kibali kwa sababu ukikutwa na shoka kwenye msitu wa hifadhi, maelezo kwamba ulifuata nyuki hayatakusaidia.

Nenda jua linapozama. Wanaotafuta chakula wanakuwa wamerudi, na watu wamepungua njiani. Waambie wenye mji wahamishe mbuzi waliofungwa kamba, mbwa na kuku, maana mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia. Tochi yako ifunike kwa nailoni nyekundu. Nyuki haoni rangi nyekundu, lakini mwanga mweupe ataufuata hadi usoni kwako. Gizani nyuki hutambaa badala ya kuruka, kwa hiyo suruali iingie ndani ya gambuti na uifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kwenye bomba la kupulizia nyuki moshi weka mavi makavu ya ng'ombe au maranda. Wanaochoma vipande vya tairi sina la kuwaambia. Puliza kidogo mlangoni, subiri dakika chache. Nyuki wakisikia moshi hujaza matumbo asali, na hasira inapungua. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ujue kuna aliyeuma na anaita wenzake. Kwangua mwiba kwa ukucha papo hapo, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka, kisha pulizia moshi sehemu hiyo. Mwenzako akivimba uso au akianza kuhema kwa shida, acheni kila kitu mkimbilie hospitali. Ndoo ya maji iwe karibu muda wote, maana nyasi za kiangazi hazingoji kushika moto.

Gonga gogo kwa mgongo wa shoka ukisikiliza pango linaanzia wapi na kuishia wapi. Kata nje kidogo ya ncha hizo mbili, kisha pasua kwa kabari taratibu. Msumeno wa mashine unafaa kwa kukata zile ncha tu. Ukiuendeleza katikati, mtetemo utawatoa wote nje na utapasua masega.

Gogo likifunguka, macho ya mgeni hukimbilia asali juu. Wewe tafuta majana. Nyuki wetu hawa wa Kiafrika ni wepesi sana kuhama. Ukiwatia kwenye mzinga mtupu, hata uwe mzuri namna gani, kesho kutwa wameondoka. Kinachowashika ni watoto. Kata masega ya majana moja moja, uyafunge kwenye viunzi, vile vijiti vya juu ya mzinga vinavyoshika masega, kwa kamba ya katani au ya magome. Upande uliokuwa juu ubaki juu, na yafuatane kama yalivyokuwa kwenye pango. Kamba wataitafuna wenyewe wakishaunganisha. Viunzi viwe na upana wa milimita 32, kipimo cha nyuki wetu. Vya kuiga kutoka nje vinawafanya wajenge ovyo. Sega zito la asali usilifunge. Litakatika usiku, lizamishe nyuki na kuita sisimizi. Liweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Asali hiyo huwa na chavua na sehemu ambazo hazijafunikwa kwa nta, ambazo huchachuka, kwa hiyo usimwahidi mtu asali ya daraja la kwanza.

Usikeshe ukimtafuta malkia. Chota mafungu ya nyuki kwa karai uyamimine juu ya majana, kisha angalia mlangoni. Wakiinua matumbo na kupepea mabawa huku wengine wakiingia kwa msafara, yumo. Ikiwa kabari ilimuua, bado hujapoteza kundi: majana yenye umri usiozidi siku tatu yanatosha kulelewa malkia mwingine, anayetoka siku ya 15 au 16 hivi tangu yai litagwe. Ndiyo maana nakusumbua na majana.

Kama una nafasi ya kuchagua wakati, chagua mwanzo wa maua. Mti wa miombo uitwao mtundu huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba hivi, na mwingine uitwao muba unafuata kuelekea mwisho wa masika. Kundi lililobomolewa wakati wa njaa halina cha kujengea.

Mzinga uache palepale hadi usiku wa pili, ndipo uzibe mlango na kuubeba. Upeleke mbali, zaidi ya kilomita tatu, la sivyo nyuki wazee wanaoijua njia watarudi kwenye gogo. Uning'inize kwa waya ili nyegere, mnyama anayependa asali, asiufikie, na waya upake oili chafu kuzuia siafu. Kama mti unabaki, pango lijaze mawe na udongo siku unapomaliza. Harufu ya nta haitoki upesi, na utaitwa tena mwakani kwa mwembe uleule, safari hiyo bila malipo.